Dawa yangu inazima nini hasa?

Mtoto wa kaka yangu anasoma sheria hapa Bukavu. Juzi alinitumia ujumbe mrefu wa sauti kwenye WhatsApp: "Shangazi, sayansi imemaliza neno. Ubongo unaamua kwanza, sisi tunapata habari nyuma. Sasa jaji anahukumu nani?" Nilikuwa zamu, nikamjibu kwa maneno mawili matatu. Baadaye niliona swali lake linastahili zaidi ya hapo, kwa sababu hoja hiyo naisikia pia kwa wenzangu kazini na kwa vijana wanaobishana nje ya kanisa baada ya misa.

Mimi si mtafiti. Ni muuguzi wa nusukaputi. Siku za upasuaji kazi yangu ni kuwaondolea watu fahamu, kuwalinda wakiwa hawajui lolote, kisha kuwarudisha. Kwa hiyo neno "ufahamu" kwangu si la vitabuni. Ni kitu ninachokizima asubuhi na kukisubiri kirudi mchana, mkono wangu ukiwa kwenye mshipa wa mtu.

Nianze na lile ninalolikubali bila kusita. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na mgonjwa akakatwa uvimbe wa shingo bila kupiga kelele. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kazi yetu anayeweza kusema akili ya binadamu inaelea mbali na mwili. Ninapiga sindano ya propofoli, dawa ile nyeupe, namwambia mgonjwa ahesabu, naye hafiki kumi. Dawa hiyo inaongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza seli za neva, na mtu aliyekuwa ananiuliza kama nimemkumbuka mtoto wake pale nje hayupo tena kwenye mazungumzo. Mimi ni Mkristo na ninasali. Lakini siwezi kumwambia mtu kwamba nafsi yake haiguswi na miligramu. Inaguswa, nami nazipima miligramu hizo kwa kilo za mwili wake.

Kwa hiyo anayesema sayansi ya ubongo haina la kutufundisha juu ya ufahamu, huyo hajasimama nilipo. Ugumu unaanza baada ya hapo, na ketamini, dawa nyingine ya nusukaputi, ndiyo iliyonifundisha ugumu huo.

Ketamini ni rafiki wa hospitali zetu. Mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe, presha haishuki ovyo, na umeme ukikatika katikati ya kazi, hatufi moyo. Lakini ni dawa ya ajabu kuitazama. Mgonjwa anaweza kubaki na macho wazi. Macho yanachezacheza taratibu, mkono unaweza kuinuka kidogo wenyewe, na ukimwita jina hajibu. Ukimkata hasikii maumivu. Mwanafunzi anayeiona kwa mara ya kwanza huniuliza kwa sauti ya chini: "Huyu amelala au yuko macho?" Nami humwambia asubiri mgonjwa arudi ndipo amuulize mwenyewe.

Wakirudi wanasimulia. Papa mmoja aliyekuwa amevunjika mguu kwenye pikipiki, njia ya Bagira, aliniangalia kwa hasira ya kweli: "Docta, mulinipeleka wapi? Nilikuwa natembea juu ya ziwa, na maji haikunilowesha." Wengine wanasema waliona mwili wao kutoka juu. Wengine wanalia kwa hofu, ndiyo maana siku hizi tunachanganya na diazepamu kidogo, dawa ya kutuliza, na kabla ya sindano namwambia mgonjwa afikirie mahali anapopapenda. Wapo wasiokumbuka lolote. Lakini hao wanaokumbuka wananihakikishia jambo moja: wakati ninaandika kwenye karatasi yangu kwamba mgonjwa "hajibu", ndani yake kulikuwa na ulimwengu mzima ukiendelea. Mimi nilizima majibu yake. Ufahamu wenyewe sikuuzima, niliukatia tu njia ya kuja kwetu.

Nilifurahi sana niliposoma kwamba kuna watu walioipima hali hii. Huko Milano, Italia, Marcello Massimini na wenzake walitengeneza njia ya kugonga ubongo kwa mpigo wa sumaku kutoka nje ya fuvu, halafu wanasikiliza kwa elektrodi jinsi mwangwi wa umeme unavyosambaa. Kwa mtu aliye macho, mwangwi unaenda mbali na kubadilika kwa namna nyingi zisizotabirika. Kwa aliye katika usingizi mzito usio na ndoto, unafia palepale au unarudiarudia umbo moja. Mwaka 2015 kundi hilo lilichapisha majaribio ya dawa tatu kwa watu wachache wa kujitolea: propofoli, gesi ya zenoni na ketamini. Wote hawakuwa wanajibu. Kwa propofoli na zenoni mwangwi ulikuwa wa umbo rahisi, usio na utata, na watu walipoamka hawakuwa na la kusimulia. Kwa ketamini mwangwi ulibaki tata kama wa mtu aliye macho, na walipozinduka walisimulia ndoto ndefu zenye rangi. Mashine ya Milano na papa wa Bagira walikuwa wanasema neno moja.

Kuna jaribio jingine, la zamani kidogo, ambalo naliheshimu kwa sababu linatumia kitambaa kilekile cha kupimia presha. Mwaka 1977 daktari Michael Tunstall alieleza hivi: kabla ya kumpa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli, funga kitambaa mkononi na ukijaze upepo mpaka damu isipite. Mwili wote utapooza, lakini mkono ule dawa haikuufikia. Sasa mwambie mgonjwa: kama unanisikia, bana vidole vyangu. Na kuna wanaobana! Katika utafiti wa hospitali kadhaa uliochapishwa mwaka 2017, karibu mtu 1 kati ya 20 alijibu baada ya kuwekewa bomba la kupumulia. Wengi wa wanaobana namna hiyo, ukiwauliza wakiamka, hawakumbuki chochote. Watakushukuru na kusema walilala vizuri.

Fikiria hilo polepole. Mtu alisikia swali, akalielewa, akajibu, na jioni anaapa kwamba hakuwepo. Kwa hiyo kuna vitu vitatu tulivyozoea kuvifunga pamoja: kujua, kujibu na kukumbuka. Wa ketamini anajua bila kujibu. Wa kitambaa anajibu bila kukumbuka. Na sisi tunaotazama kutoka nje tuna majibu na kumbukumbu tu mikononi. Kujua kwenyewe hakuna aliyewahi kukushika, kwa mashine au bila mashine.

Hata kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho kila muuguzi anakijua tangu kilipotolewa mwaka 1974, kinapima mambo matatu: kufungua macho, kusema na kusogeza viungo. Chini kabisa ni 3, juu kabisa 15. Ni kipimo kizuri na kimeokoa watu. Lakini alama zote zile ni alama za majibu.

Mwaka 2006 Adrian Owen, akiwa Cambridge, alimweka kwenye skani mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa kwenye ajali ya barabarani. Kwa vipimo vyote vya kitandani alihesabiwa kuwa hana fahamu: macho yanafunguka lakini hakuna mtu. Wakamwambia awaze anacheza tenisi, na sehemu ya ubongo inayopanga miendo ikawaka. Wakamwambia awaze anatembea nyumbani kwake chumba kwa chumba, sehemu nyingine zikawaka, zilezile zinazowaka kwa mtu mzima wa afya. Wengine walisema ni kisa kimoja tu. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mkubwa zaidi: wagonjwa 241 wasiotii amri yoyote kitandani, na 60 kati yao, yaani mtu 1 kati ya 4, ubongo wao ulikuwa unatii amri.

Mimi sina mashine ya namna hiyo. Nina tochi, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, na sauti yangu. Lakini tangu nisome habari hizo, mgonjwa aliyezimia naongea naye. Namwambia jina langu, namwambia ni saa ngapi, namwambia dada yake yuko nje na ameleta uji. Na nikisikia ndugu wanaanza kupanga bei ya sanduku pembeni ya kitanda, nawatoa nje bila kuogopa kuonekana mkali. Wananishangaa. Wacha washangae.

Sasa nirudi kwa mtoto wa kaka yangu. Hoja yake inatoka kwa Benjamin Libet, aliyefanya kazi San Francisco na kuchapisha jaribio lake maarufu mwaka 1983. Watu waliketi mbele ya saa yenye nukta inayozunguka haraka, wakaambiwa wakunje mkono wakati wowote wanapojisikia, kisha waseme nukta ilikuwa wapi pale walipohisi hamu ya kukunja. Elektrodi zilionyesha umeme wa maandalizi ukianza kupanda kama milisekunde 550 kabla ya mkono kusogea. Hamu yenyewe watu walisema waliihisi kama milisekunde 200 kabla. Tofauti ni theluthi moja ya sekunde, kidogo zaidi. Juu ya theluthi hiyo watu wamejenga ghorofa: eti hakuna uhuru, eti sisi ni abiria.

Mwanangu, angalia ile 200 imetoka wapi. Ile 550 imetoka kwenye elektrodi. Ile 200 imetoka kwenye masimulizi ya mtu juu ya nafsi yake: alikumbuka kwamba alipohisi, nukta ilikuwa pale. Hayo ni majibu na kumbukumbu, vitu vilevile ambavyo kazi yangu imenifundisha visichukuliwe kuwa ndiyo kujua. Kama mtu anaweza kubana vidole vyangu akasahau kabisa, nitamwamini vipi juu ya milisekunde?

Na ule umeme unaopanda, si lazima uwe uamuzi uliokwisha kufanywa. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake huko Ufaransa walionyesha kwamba umeme wa ubongo unapanda na kushuka wenyewe kila wakati, na kama huna sababu yoyote ya kukunja mkono sasa badala ya baadaye, utaukunja pale mpando mmoja utakapovuka kiwango fulani. Ukikusanya mara nyingi na kurudi nyuma kutoka pale mkono uliposogea, ni lazima uone mlima mbele yake. Mlima huo umetokana na namna ulivyohesabu.

Kilichonigusa zaidi ni jaribio la mwaka 2019 la Uri Maoz, Liad Mudrik na wenzao. Wao walijiuliza swali ambalo mama yeyote wa soko la Kadutu angeuliza: kukunja mkono bila sababu ni uamuzi gani? Wakawapa watu kuchagua kati ya mashirika mawili ya hisani. Mara nyingine chaguo halikuwa na maana, mashirika yote yangepata sawasawa. Mara nyingine chaguo lao lingeamua kweli nani apewe dola 1000. Umeme wa Libet ulionekana kwenye chaguo lisilo na maana. Kwenye chaguo lenye uzito, haukuonekana.

Mimi nimeona maamuzi yenye uzito yakifanyika, kwa hiyo matokeo yale hayakunishangaza. Nitaeleza moja, nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa ili mwenyewe asijulikane. Mama mmoja wa Kabare, mwenye ugonjwa wa sukari, mguu umeoza mpaka juu ya kifundo. Daktari wa upasuaji akasema mguu ukatwe, la sivyo sumu itaingia damuni. Mama akakataa. Hakupiga kelele, alisema tu: "Nitaingia shambani namna gani?" Ikaanza safari ambayo kila hospitali ya kwetu inaijua. Shemeji yake mkubwa alikuja na wazee, wakakaa uani chini ya mti. Kijana wake aliye Kinshasa akapiga simu, akataka kuongea na daktari, kisha akataka kuongea na daktari mwingine. Mchungaji akaja kuomba, na nashukuru kwamba yeye hakumwambia aache matibabu. Mguu ulizidi kunuka. Mama alikuwa anasikiliza wote na hasemi.

Alfajiri moja alimwita binti yake wa kwanza. Akamuuliza nani atalima kipande cha chini, kile cha maharage, na binti akajibu. Akamuuliza nani atamwogesha, binti akajibu. Ndipo akanigeukia mimi: "Msumeno, nitausikia?" Nikamwambia ukweli: kwa sindano ya mgongo maumivu hatayasikia, lakini sauti anaweza kuisikia, ila nikimwongezea dawa ya usingizi kidogo hatajua. Akatazama dirisha kidogo. "Basi, mukate."

Nionyeshe, kijana wangu, theluthi ya sekunde iko wapi hapo. Najua kabisa kwamba kila hatua ilipita kwenye seli za neva. Hofu ya msumeno ilikuwa kwenye ubongo, maharage yalikuwa kwenye ubongo, sauti ya binti iliingia kwa sikio na kufika ubongoni. Sina haja ya kutafuta pengo la kuingizia roho. Lakini kama ungempachika elektrodi mama yule na kutafuta ni lini ubongo "uliamua kabla yake", ungekuwa unatafuta kitu kisichokuwepo, kwa sababu uamuzi ule ulikaa siku kadhaa, ukapita kwa shemeji, kwa simu ya Kinshasa, kwa binti, kwa jibu langu juu ya msumeno. Ningejibu tofauti, huenda angeamua tofauti. Ubongo wake ndio uliokuwa unapima yote hayo, na kupima huko ndiko yeye. Hakuna wawili pale, mmoja anayeamua na mwingine anayepelekewa habari.

Juu ya jaji, nitasema kidogo kwa sababu sheria ni yako. Ubongo unaweza kweli kumgeuza mtu. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwalimu wa miaka 40 aliyeanza ghafla kuwa na tamaa mbaya kwa watoto. Walimkuta na uvimbe mbele ya ubongo. Ulipotolewa, tamaa ikaisha. Tamaa iliporudi, walikuta uvimbe umeota tena. Jaji anapaswa kuyajua mambo ya namna hiyo na kuita madaktari. Lakini aliyepanga njama mwezi mzima, akanunua panga, akasubiri usiku usio na mwezi, huyo usimkingie jaribio la Libet.

Limebaki lile kubwa. Je, siku moja sayansi itaeleza kwa nini kuna kuhisi kokote? Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na bilioni 69 hivi ziko kwenye ubongo mdogo wa nyuma, ule unaosawazisha miendo. Lakini kuna watu waliozaliwa bila sehemu hiyo, wanatembea kwa shida, wanaongea polepole, na wanajua wako duniani kama mimi na wewe. Kwa hiyo si wingi wa seli. Wengine wanasema ni namna habari zinavyofungamana kuwa kitu kimoja, ndiyo nadharia ya mtafiti Giulio Tononi. Wengine, kama Stanislas Dehaene, wanasema ni pale habari inapotangazwa ubongo mzima. Majaribio makubwa yaliyopangwa na pande zote mbili pamoja yalitoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2023, na hakuna upande ulioondoka na ushindi kamili. Mimi ninajua bomba linafungwa wapi, na kwa kipimo gani. Maji yanatoka wapi, sijaambiwa na yeyote kwa namna iliyonitosheleza.

Kuna dau juu ya jambo hili. Mwaka 1998, mjini Bremen, mwanasayansi Christof Koch alimwahidi mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya ufahamu ndani ya ubongo itakuwa imepatikana waziwazi. Mwaka 2023, mjini New York, Koch alikubali mbele ya watu kwamba ameshindwa, akamkabidhi Chalmers mvinyo. Kisha akasema yuko tayari kuweka dau lingine, la miaka 25 tena.

Mtoto wa kaka yangu, ukitaka tuweke la kwetu, liwe kreti ya soda, na mimi nachukua pande zote mbili. Kwa swali la kujua kama mgonjwa aliyelala mbele yangu yuko au hayupo, niko na Koch: kabla ya 2048 naamini kitakuja kifaa cha kubeba mkononi, na naomba kifike hata kwenye hospitali ya wilaya. Kwa swali la kwa nini papa yule aliliona ziwa na hakuona giza tu, niko na Chalmers. Mwaka huo wewe utakuwa jaji na mimi nitakuwa bibi mstaafu. Njoo na kreti, au njoo uichukue.